Shibe, mvua na bunduki: Siasa za Usambara katika kalamu ya mtu wa ndani

Kabla ya chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki kufungua idara ya historia, milima ya Usambara ilikwisha kupata mwanahistoria wake wa siasa. Aliitwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, akafariki mwaka 1912. Aliandika kwa Kiswahili, na kazi yake ikachapwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA huko Magila, jirani na Muheza. Ilitoka kwa mafungu matatu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyelimaliza fungu la kwanza na kutaka kujua yaliyofuata, ilimbidi angoje miaka.

Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi. Kinasimulia ukoo uliotawala Wasambaa kuanzia nusu ya kwanza ya karne ya 18: walivyoupata utawala, walivyoupanua hadi kuugusa mwambao, na walivyoupasua kwa mikono yao wenyewe. Ndani yake mna mabaraza, wajumbe, ndoa za kisiasa, viapo, hila za mirathi na vita vya baba wadogo na watoto wa kaka zao. Msomaji wa leo anayefuatilia siasa za vyama atajikuta nyumbani.

Wasafiri wengi wanaopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto huangalia maporomoko ya Soni, hununua matunda kandokando ya barabara, kisha huendelea na safari. Wachache hujua kwamba Vuga, isiyo mbali na hapo, ilikuwa makao makuu ya dola. Mji ule uliungua mwaka 1898 na haukusimamishwa tena kwa hadhi yake ya kale. Kilichobaki kikubwa ni habari, na habari hizo zina jambo moja linalojirudia kila zama: watu wa milima hii wamewapima watawala wao kwa chakula na mvua. Kipimo hicho kiliwaweka Wakilindi madarakani, na ndicho kilichotumiwa kuwahukumu baadaye.

Mwindaji aliyegawa nyama

Mwanzilishi wa ukoo ni Mbega, mwindaji kutoka Nguu. Masimulizi yanasema alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakatumia sababu hiyo kumnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake. Alikaa Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa huko, lakini kijana yule akafa wakiwa porini mawindoni. Mbega akakimbia tena, safari hii kuielekea milima.

Huko juu aliwakuta wakulima walioteswa na nguruwe mwitu mashambani. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, na watu wakamletea vyakula vya mashambani. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Mbega haukuwa mtupu. Sifa zake zikatangulia miguu yake. Alipata mke kutoka Bumbuli, akaanza kuamua kesi za watu, na wazee wa Vuga wakamtaka aje kwao. Alipokuwa njiani kwenda Vuga aliua simba usiku. Tangu hapo mtawala wa Usambara akasalimiwa kwa jina la Simba Mwene, na Buge, mtoto aliyezaliwa na mama wa Bumbuli, ndiye aliyemrithi baba yake.

Je, yote hayo yalitokea? Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani aliyefika Usambara katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake The Shambaa Kingdom mwaka 1974, aliyakusanya masimulizi ya Mbega kutoka vijiji mbalimbali, kisha akayalinganisha. Aliona kwamba vitu vidogo hubadilika kwa kila msimulizi, lakini nguzo za kisa hubaki: mwindaji wa nyikani anageuka kuwa mtawala wa mlimani, nyama inabadilishana na chakula cha shambani, na simba anauawa na mtu anayekuwa simba mwenyewe. Kwa maoni yake, kisa hiki kinaeleza maana ya utawala zaidi ya kutoa taarifa ya siku moja baada ya nyingine.

Feierman alitafuta pia sababu iliyo chini ya kisa. Kabla ya Mbega, Wasambaa waliishi kwa koo zilizojitegemea, kila moja na eneo lake. Kisha wakaingia wafugaji, wakiwemo Wambugu, wenye desturi tofauti na wasiotaka kuyeyuka ndani ya wenyeji. Mizozo kati ya makundi yasiyo na ukoo mmoja wala mila moja haikuweza kumalizwa na mzee wa ukoo fulani. Ilihitajika mamlaka iliyokuwa juu ya koo zote. Mgeni asiye na ukoo pale, ambaye tayari alikuwa mwamuzi mwenye kuaminika, alifaa kuliko mwenyeji ambaye kila upande ungemshuku.

Wenyeji hawakutoa kila kitu. Wazee wa Vuga wasiokuwa Wakilindi waliendelea kushika kazi nzito za kumtawaza mtawala mpya na kumzika aliyefariki. Kwa hiyo ndani ya dola ya ukoo mmoja palikuwa na watu wa koo nyingine ambao bila wao hapakuwa na Simba Mwene halali. Mwenye kutafuta mizizi ya kugawana madaraka katika nchi hii asiishie kwenye katiba zilizoandikwa baada ya uhuru.

Dola ya watoto wa Kimweri

Kilele cha utawala huo ni zama za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 baada ya kutawala kwa karibu nusu karne. Siasa yake iliegemea familia. Aliwaweka watoto wake kuwa watawala wa sehemu mbalimbali, na mama zao wakatoka katika koo za sehemu hizo, hivyo kila jimbo lilikuwa na mjomba wa mtawala na mpwa wa wananchi. Kodi ililetwa Vuga kwa mifugo na chakula, na Vuga ikarudisha hukumu, ulinzi na dawa ya mvua.

Mkono wa Kimweri ulifika Bonde, nchi ya Wabondei, na ukagusa mwambao wa Tanga na Pangani. Huko ulikutana na mkono wa Sultani wa Zanzibar, na kwa muda wakuu wa miji ile ya Mrima waliangalia pande zote mbili: huku mlimani, kule baharini. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetokea Mombasa, alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na akarudi mwaka 1852. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke nao walipanda hadi Vuga kabla ya safari yao ndefu ya kuelekea maziwa makuu. Wakamkuta Kimweri akiwa mzee sana.

Uzee huo ulikuwa habari ya kisiasa. Dola iliyojengwa juu ya baba mmoja na watoto wengi husimama vizuri baba akiwapo. Anapoondoka, kila mtoto ana jimbo, ana wajomba, ana watu wenye mikuki, na ana sababu ya kuamini kwamba yeye ndiye aliyestahili. Jambo lililowazuia wasirukiane wakati wa uhai wa Kimweri ni heshima ya mzee mwenyewe, na heshima ya aina hiyo hairithiwi.

Mazinde yaipiku Vuga

Kiti cha Vuga kilimwendea Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri. Baba zake wadogo walikuwa watu wazima wenye majimbo yao, na mmoja wao alikuwa Semboja wa Mazinde.

Mtu akisimama leo Mazinde, kwenye barabara kuu ya kutoka Korogwe kwenda Same, anaielewa hoja nzima kwa macho. Nyuma yake milima imesimama kama ukuta. Mbele yake tambarare imefunguka hadi bonde la Mto Pangani. Misafara ya pembe na watumwa ilipita tambarare hiyo kati ya mwambao na nchi za Kilimanjaro na Umasaini. Aliyekaa Mazinde alikutana na wafanyabiashara, akapata nguo, baruti na bunduki. Aliyekaa Vuga alipata mbuzi, ndizi na heshima. Katika zama za Mbega, mwenye nyama na hukumu ndiye aliyekuwa na watu. Katika miaka ya 1860, mwenye bunduki ndiye aliyekuwa na watu, na bunduki zilikuwa chini.

Semboja akamfukuza Shekulwavu Vuga. Hakuhamia yeye mwenyewe. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, aliyekuwa bado mtoto, kisha yeye akabaki Mazinde karibu na njia ya misafara. Hapo jina la utawala likakaa mlimani na nguvu ya utawala ikakaa tambarareni.

Shekulwavu naye hakunyamaza. Akaelekea mashariki kutafuta wa kumsaidia, na Wabondei wakapata nafasi waliyoingoja. Mwishoni mwa miaka ya 1860 waliasi dhidi ya Wakilindi waliowatawala, katika vuguvugu linalojulikana kwa jina la Kiva. Wakilindi wa Bonde waliuawa, wakafukuzwa, wengine wakauzwa. Shekulwavu alifariki vita vikiendelea, ndugu zake wakaendeleza mapambano, na kwa miaka mingi pande zote ziliteka watu na kuwauza ili kununua bunduki za kuteka watu wengine.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wasambaa waliieleza hali hiyo kwa hesabu yao wenyewe: akiwapo mtawala mmoja mwenye nguvu, mvua hunyesha na nchi huponywa, nguvu ikishindana na nguvu, mvua hukatika, njaa huingia na nchi huharibiwa. Mtu asiyeamini dawa ya mvua bado anaweza kuukubali ukweli wa hesabu hiyo. Watu wanaoogopa kutekwa hawalimi mashamba ya mbali na nyumbani. Hawashuki nyikani, ambako Msambaa wa kale alikuwa na shamba la pili la kumwokoa pale la mlimani linaposhindwa. Ghala linabaki tupu hata kama mawingu yamefanya kazi yake.

Mwamba ngoma

Abdallah bin Hemedi aliyaona mengi ya hayo kwa karibu. Alikuwa mtu wa Mrima aliyeishi katika nyumba za watawala wa Kikilindi, na Semboja ndiye aliyekuwa naye karibu zaidi. Asichanganywe na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande huo huo wa Tanga aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi. Majina yanakaribiana, kazi zao ziko mbali.

Ukaribu huo ndio thamani ya kitabu na ndio hatari yake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Msomaji anapokutana na Semboja katika kurasa hizo, akumbuke kwamba anayesimulia alikula chakula cha Mazinde. Wabondei wa Kiva, walioyatazama mambo kwa macho ya watu waliotozwa na kuuzwa, hawakupata mwandishi wa namna hiyo wa kuwasemea. Wanawake, ambao ndoa zao zilikuwa kamba zilizofunga majimbo, wanatajwa zaidi kama mama za fulani na wake za fulani.

Kuna suala jingine la kuangalia. Kitabu kimejaa mazungumzo: mjumbe anasema, mtawala anajibu, wazee wanapinga, mke anashauri. Baadhi ya maneno hayo yanadaiwa kutamkwa na Mbega zaidi ya miaka 100 kabla mwandishi hajazaliwa. Ni wazi kwamba aliyapokea kutoka kwa wasimulizi na kuyapamba kwa ufundi wake. Lakini anapofika kwenye vita vya miaka ya 1860 na kuendelea, sauti inabadilika uzito. Hapo anasimulia watu aliowajua, katika mambo yaliyowahusu wakubwa aliowatumikia. Msomaji makini anasoma sehemu ya mwanzo kama kioo cha Wakilindi walivyotaka kujiona, na sehemu ya mwisho kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo lakini mwenye upande.

Historia ya siasa kuandikwa na mwenye upande, tena kwa vipande vinavyotoka kimoja baada ya kingine, haikuwa jambo la Magila peke yake. Marekani, kati ya mwaka 1787 na 1788, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliandika makala 85 wakitumia jina moja la kujificha, Publius. Nyingi zilitoka kwanza katika magazeti ya New York, nia ikiwa kuwashawishi watu wa jimbo hilo waikubali katiba mpya. Walitoa mifano ya Ugiriki na Roma kwa kuichagua ile iliyoifaa hoja yao. Leo majaji na maprofesa wa Marekani hurejea makala hizo kila mara katiba yao inapobishaniwa, na hakuna anayezitupa kwa sababu waandishi walikuwa na kambi. Wanazisoma wakijua kambi ilikuwa ipi. Habari za Wakilindi inastahili usomaji wa aina hiyo.

Isitoshe, kitabu kiliponea chupuchupu kusahaulika. Chapa za Magila ziliadimika. Ni J.W.T. Allen, mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, aliyekihariri kikatolewa upya mwaka 1962 na East African Literature Bureau, Nairobi. Tafsiri yake ya Kiingereza, The Kilindi, ikatoka mwaka 1963. Katika mwaka huo huo wa 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta kisheria utawala wa machifu.

Bendera zilivyobadilika

Kati ya Semboja na sheria hiyo kulipita wakoloni wawili. Wajerumani walijenga makao yao ya wilaya Lushoto, wakapaita Wilhelmsthal kwa heshima ya mfalme wao. Mwaka 1895 ulikuwa mbaya kwa nyumba ya Mazinde: Semboja alifariki, na mwanawe Mputa, aliyekuwa mtawala Vuga, akanyongwa na Wajerumani kwa kosa la mauaji. Kiti akapewa Kinyashi, wa tawi la Shekulwavu. Ushindi ambao tawi hilo liliukosa vitani kwa karibu miaka 30 ukatoka ofisini kwa mgeni.

Ulikuwa ushindi mwembamba. Mtawala hakuwa tena na jeshi, wala neno la mwisho katika hukumu nzito. Walowezi walichukua ardhi, wakahitaji vibarua. Wilaya ya Wilhelmsthal ikaweka utaratibu wa kadi za kazi, ambapo mwanamume asiye na ajira ya kudumu alitakiwa amfanyie kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi 4. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, na mazao ya milimani yakapata njia ya kushukia baharini. Kinyashi mwenyewe aliachia madaraka mapema, miaka michache baada ya Vuga kuungua.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na mpango wa kutawala kupitia machifu. Gavana Donald Cameron akaupa mpango huo sheria mwaka 1926, na Kinyashi akarudishwa kitini akiwa mzee. Akajiuzulu mwaka 1929. Waliomrudisha walidhani wanarudisha mila. Walichokirejesha ni jina la Simba Mwene likiwa limefungwa kwenye mshahara wa serikali, kazi yake kubwa ikiwa kukusanya kodi na kutangaza amri zilizotungwa kwingine. Zamani mtawala mbaya aliweza kukimbiwa. Watu walihamia kwa mtoto mwingine wa Kimweri na kumwacha na ghala lake. Chini ya bendera ya Uingereza kuhama hakukumwondoa chifu, maana mshahara wake haukutoka kwa watu.

Matuta

Kipimo cha zamani kilirudi wazi katika miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima unamomonyoka, idadi ya watu inaongezeka na mashamba yanapanda miteremko mikali. Kwa jicho la mtaalamu wa kilimo, tatizo lilikuwa kweli. Dawa iliyotolewa ikawa amri: kila mkulima achimbe matuta ya kukinga maji, asilime miteremko iliyokatazwa, azuie mifugo mahali fulani. Asiyetii atozwe faini au afungwe. Waliopewa kazi ya kusimamia amri hizo walikuwa machifu, juu kabisa akiwa Kimweri Mputa Magogo.

Kazi ya kuchimba iliwaangukia wanawake kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mashamba ya mkonge na mijini wakitafuta fedha. Matuta yalikula sehemu ya shamba ambalo tayari lilikuwa dogo. Na palikuwa na hofu ambayo bwana shamba hakuiona: mwenye kuazimwa shamba, akilichimba matuta ya kudumu, je, mwenye ardhi atalipataje tena? Utaratibu wa kale wa kuazimana mashamba, uliomwokoa maskini wakati wa njaa, ukaingiwa na wasiwasi.

Wakulima walijibu kwa lugha waliyoirithi. Walisema chifu anaiharibu nchi. Walisema mvua haiji ipasavyo kwa sababu aliyepaswa kuiponya nchi amekuwa mtumishi wa wanaoichimba. Feierman, aliyelirudia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1990, Peasant Intellectuals, anaonyesha jinsi wakulima wasio na vyeo wala shule ndefu walivyotunga hoja za kisiasa kutokana na mawazo ya kale, wakayaunganisha na madai mapya ya uhuru. TANU, chama kilichodai uhuru, ilipofika milimani ilikuta mkutano umeshaanza. Mpango wa matuta uliachwa kabla muongo haujaisha.

Uhuru ukaja Desemba 1961, na machifu wakaondolewa kisheria. Mjadala haukuondoka nao. Kwa miaka mingi baadaye wazee milimani waliendelea kubishana. Wapo waliosema mvua imepungua kwa kuwa mwenye mvua ameondolewa. Wapo waliojibu kwamba zama za Wakilindi zilikuwa za watu kuuzwa, na ukame wa baraka ni bora kuliko mvua ya kamba shingoni. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya swali lenyewe: utawala huu unatushibisha au unatunyima?

Nani aandike fungu la nne

Swali hilo ndilo urithi wa siasa za Usambara, na ndilo linaloifanya Habari za Wakilindi kuwa zaidi ya kumbukumbu ya ukoo mmoja. Mbega aliheshimiwa kwa kuwa alileta nyama. Kimweri aliheshimiwa kwa kuwa zama zake watu walilala. Semboja aliogopwa, na kitabu cha mtu wake mwenyewe hakiwezi kuficha gharama ya bunduki zake. Machifu wa miaka ya 1950 walipoteza watu kabla sheria haijawapokonya vyeo. Katika kila hatua, hukumu ilitoka shambani kabla ya kutoka barazani.

Diwani wa leo Lushoto au Bumbuli anasimama mbele ya wapiga kura ambao babu zao walikuwa na kipimo hicho. Wanamuuliza barabara ya kuteremshia viazi, kabichi na karoti kabla hazijaoza, bei ya mbolea, maji ya kumwagilia, na mmomonyoko ambao haujaisha kwa sababu tu wakoloni waliukosea dawa. Akiwajibu kwa maneno matupu, asishangae.

Milima hii iliwahi kuwa na mitambo ya uchapaji. Mbali na ule wa UMCA Magila, wamisionari wa Kilutheri walikuwa na wao Vuga. Mambo ya watu yaliandikwa na kuchapwa hapa hapa, kwa lugha ambayo watu waliisoma. Leo gharama ya kuchapa imeshuka na simu iko mfukoni mwa kila kijana, lakini masimulizi ya Kiva upande wa Wabondei, kumbukumbu za wanawake waliochimba matuta, na habari za Wambugu jinsi walivyouona utawala wa Vuga, kwa sehemu kubwa yamebaki vinywani mwa wazee au katika vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa Marekani.

Mwalimu wa sekondari wa Lushoto anaweza kuanza bila bajeti yoyote. Awape wanafunzi sura moja ya Abdallah bin Hemedi, kisha awatume kwa bibi na babu zao wakaulize kisa hicho hicho kinasimuliwaje nyumbani. Majibu yatapingana, kwa sababu yatatoka kwa Wakilindi na wasio Wakilindi, Mlalo na Mazinde, waliotawala na waliotawaliwa. Darasa litakaloyaandika majibu hayo bila kuyalazimisha yakubaliane litakuwa limeanza fungu la nne la historia ambayo mwandishi wa kwanza aliisimulia kutoka meza moja tu.